Koili ya Mkono wa Shoto

Jumapili, 3 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nimeiba transfoma kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana ya Baba, nimeificha chini ya kitanda ndani ya begi langu la shule, na ninaifunga upya, yaani naizungushia waya mpya, kwa mkono wangu wa shoto. Baba alishanikataza kugusa waya kwa mkono huo. Alisema nikiugusa tena nisikanyage karakana yake.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni mtoto wa kaka yako, yule aliyekuwa anajificha nyuma ya pipa la vanishi wageni wakija. Bado najificha, ila pipa limekuwa dogo. Baba ananiita Konokono, na sasa karakana nzima inaniita hivyo. Anwani yako niliiona kwenye kadi uliyompelekea Bibi. Sikupigi simu kwa sababu Bibi anasema jenereta zimekuharibu masikio, na mimi kwenye simu sauti hunikimbia. Tungekuwa watu wawili wanaosikiliza upepo.

Nimemaliza shule. Nina mota tatu ndogo nilizozitoa kwenye printa mbovu, zile zisizozunguka hovyo bali hupiga hatua mojamoja, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Nimezifunga kwenye mkono wa mbao unaoshika kalamu, ili mashine ichore yenyewe. Ni mchezo wangu tu. Lakini mota hizo zina kiu, na betri za tochi haziziwezi. Ndiyo maana nikaitaka transfoma. Ilitoka kwenye amplifaya ya ukumbi iliyoungua. Koili ya kuingizia umeme, ule waya uliozungushwa, ni nzima, ya kutolea ilikuwa mkaa mtupu. Niliitoa yote, nikafunga mizunguko michache ya majaribio, nikapima, nikapata hesabu ya mizunguko ninayoihitaji. Waya niliokuwa nao ulikuwa vipande viwili, kwa hiyo nikafunga koili mbili ili nikiziunganisha zijumlishe nguvu.

Mita inasoma sifuri. Kila koili ikiwa peke yake inatoa volti tisa. Nikiziunganisha, sifuri. Nimekagua kila kiungo. Nililia kwa hasira, nikaipiga mita kofi, na mita yenyewe ni ya Baba.

Tafadhali niambie nimekosea wapi. Nijibu kwa sanduku la posta la shule, karani bado hunipokelea barua.

Mwanao,
Konokono


Alhamisi, 14 Machi

Konokono,

Marahaba. Nakukumbuka. Siku moja nilikusahau nyuma ya hilo pipa nikafunga mlango, na ulikaa humo hadi mama yako alipokuja kukutafuta. Hukuita hata mara moja.

Sikufurahi kupata barua yako. Lakini umeuliza swali la kazi, na swali la kazi hujibiwa.

Koili ya kwanza uliifunga kwa mkono gani? Usihangaike kuniambia, nitakuambia mimi. Ulianza kwa mkono wa kulia kama ulivyoamriwa. Mkono ukachoka. Koili ya pili ukaifunga kwa shoto. Moja imezunguka hivi, nyingine imezunguka vile. Zinapigana, binti. Ni watu wawili wenye nguvu sawa wanaovutana kamba, nayo haisogei. Hakuna kilichoharibika, kwa hiyo usifumue. Chukua koili moja ugeuze ncha zake: ile uliyoiita mwanzo iite mwisho, basi. Umeme haujali mkono, unajali ncha.

Kabla ya kuchomeka ukutani, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida. Balbu ikiwaka kwa nguvu, chomoa haraka. Usipofanya hivyo na ukapona, mimi mwenyewe nitakuja kukuchapa.

Na kama unataka kujua kwa nini koili mbili zinanitia kichefuchefu, muulize baba yako. Halafu usiniandikie tena. Alishasema nimemharibia jina. Sitaki aseme nimemharibia na mtoto.

Baba yako Mdogo


Jumatatu, 25 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Umesema nisiandike. Naandika.

Nilifanya ulivyosema. Nikageuza ncha, nikaweka balbu, ikawaka kidogo ikafifia, na mita ikapanda hadi kumi na nane. Nilipaswa kufurahi. Nikaitazama ile koili ya mkono wa kulia, mizunguko imelala shaghalabaghala kama nywele za mgonjwa, nikaichukia. Niliifunga nikimwogopa mtu ambaye hata chumbani hakuwemo. Basi nikaifumua. Ulinikataza, najua. Nikaifunga upya yote kwa shoto, nikarudisha ncha zilipokuwa mwanzo, na safari hii ililala kama kurasa za kitabu kipya.

Mashine imechora, Baba Mdogo. Mota zilinguruma kidogo, kalamu ikatetemeka, kisha ikaenda. Nilitaka mraba, nikapata mraba wenye pembe moja wazi. Nimeubandika ndani ya mlango wa kabati langu.

Nilimuuliza Mama, si Baba. Alinieleza huku anakunja nguo, bila kunitazama. Alisema wewe na Baba mlifunga pamoja transfoma kubwa ya mtu wa kuchomelea vyuma, kila mmoja koili yake, mkaziunganisha ubavu kwa ubavu ili zibebe mzigo mzito. Mkaiwasha mbele ya mwenyewe, ikafuka moshi, ikaungua. Baba akasema ni mkono wako. Wewe ukaondoka na sanduku moja. Mama alidhani ananisimulia habari ya ukorofi. Mimi nilielewa pale pale ni habari ya nini. Nani aliunganisha zile ncha? Mama hajui.

Nakuuliza kwa sababu muda wangu unaisha. Baba ameshapanga nipelekwe kwa Shangazi. Mwezi wa tano nitakaa kaunta kwenye duka lake la makasha ya simu, niwaulize watu wanataka nini tangu asubuhi hadi jioni. Mimi, ambaye nikienda dukani husimama hadi mwenye duka anihurumie. Jana nilimwomba Baba anijaribu kwenye meza ya kufungia. Nilifanya mazoezi ya sentensi ile kwa wiki nzima. Akanijibu mbele ya mafundi na wateja: "Shoto ni ya kushikia ufagio. Mkono mmoja wa shoto ulishanizikia biashara, sitaki wa pili." Walicheka. Fundi mmoja akasema konokono akipewa waya atautambaza hadi Krismasi.

Mwandikie. Mwambie nani aliunganisha ncha. Wewe una mdomo, mimi sina.

Konokono


Ijumaa, 5 Aprili

Konokono,

Yeye.

Nilikuwa nimeitia alama koili yangu, uzi mwekundu kwenye mwanzo. Nilimwambia asiunganishe chochote hadi nirudi, kwa sababu balbu yetu ya kupimia ilikuwa imekufa na nilikuwa naenda kununua nyingine. Mwenye kazi alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa. Kaka yangu hapendi kutazamiwa saa. Niliporudi na balbu mkononi, moshi ulinipokea barabarani. Akasema mbele ya mtu yule kwamba nimefunga kinyume makusudi, nimwaibishe. Sikufunga kinyume. Nilifunga kwa mkono niliozaliwa nao. Nilisubiri aniulize. Bado nasubiri.

Kwa hiyo sitamwandikia. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aanze. Hilo usinilazimishe.

Lakini wewe huhitaji mdomo, na huo ndio utajiri wako. Chukua transfoma yako uiweke mezani kwake kabla hajafika, halafu kaa pembeni. Hawezi kuona koili asiikague. Hata siku ya harusi yake tulimtafuta, tukamkuta amepiga magoti kwenye suti, ananusa amplifaya ya ukumbi. Atakagua, ataipa mzigo aone kama itachemka, atauliza ni ya nani. Hapo utasema neno moja tu: yangu. Lifanyie mazoezi.

Baba yako Mdogo


Ijumaa, 19 Aprili

Mdogo wangu,

Ni mara ya kwanza nakuandikia tangu uondoke, na usidhani ni kwa mapenzi.

Leo nimeikuta mezani kwangu transfoma ya amplifaya, imefungwa upya kwa shoto. Ulidhani sitaijua? Waya unatokea upande wako. Fundo la mwisho limefungwa kinyume, vilevile ulivyokuwa unafunga viatu hadi Mama yetu akakata tamaa. Niliipa mzigo mchana kutwa haikupata hata joto la kikombe cha chai. Nimewaita mafundi wawili waikague, na wote wawili wakanyamaza, nawe unajua mafundi hawanyamazi bure. Ni kazi safi. Nimeshaliandika hilo, usinilazimishe kuliandika tena.

Lakini kwa nini unapitia kwa binti yangu, kama mtu anayerusha mawe juu ya ukuta? Nilimuuliza imetoka wapi. Akafungua mdomo, akaufumba, akakimbilia uani. Umemfundisha kunificha mambo. Hilo limenikera kuliko yote.

Kama ni yako, sema. Macho yangu hayaoni tena waya mwembamba, na kazi za transfoma nazirudisha kila wiki. Meza yako ya zamani ina maboksi tu juu yake.

Kaka yako


Jumamosi, 27 Aprili

Kaka, shikamoo.

Ni yangu.

Kurudi siwezi kwa sasa, nimeshajifunga kazi huku. Lakini nitumie mabobini matupu ya kuzungushia waya na vipimo, nitafunga na kurudisha. Nina sharti moja. Binti asiende kaunta kwa dada yetu. Abaki hapo karakana, awe ndiye anayepima, anayefungasha na kuniandikia. Mkono wangu unataka mtu mwenye subira upande wa pili, na wewe subira hukuwa nayo, hukuwahi kuwa nayo.

Habari ya transfoma ile ya mtu wa kuchomelea tuiache ilipo.

Mdogo wako


Jumamosi, 4 Mei

Baba Mdogo,

Leo sikuamkii.

Baba ameisoma barua yako kwa sauti mbele ya mafundi, amesimama katikati ya karakana, mkono mmoja barua na mkono mwingine koili yangu. Aliposoma "ni yangu" aliinua ile transfoma juu kama mtoto mchanga. Wakapiga makofi. Yule aliyesema nitautambaza waya hadi Krismasi ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Akasema huyo ndiye Shoto bwana, kwa lile jina walilokuita zamani, mkono kama huo hauzaliwi mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio.

Uliniambia nifanyie mazoezi neno moja. Nililifanyia. Nililisema kwenye mto, bafuni, njiani. Siku ile Baba aliponiuliza halikutoka, na hilo ni kosa la koo langu, nalikubali. Lakini wewe hukuwa na tatizo la koo. Ulikuwa na kalamu na siku nzima ya kufikiri, ukalichukua neno langu ukalitia mfukoni mwako. Baba aliponikataza waya alininyima kazi. Wewe umeninyima kazi niliyokwisha kuifanya. Niambie ni nani kati yenu aliye mwizi mkubwa, maana mimi naona mmefanana kuliko mnavyojua.

Sasa nikueleze yaliyofuata. Niliuweka ufagio chini. Nikaenda kwenye meza yako ya zamani, nikashusha maboksi, nikachukua bobini tupu na roli ya waya, nikaanza kufunga. Kwa shoto. Nilidhani watacheka. Makofi yalikufa moja baada ya jingine, hadi nikawa nasikia waya tu unavyopita kwenye vidole. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Nilipofunga fundo la mwisho aliichukua ile bobini, akaiweka kando ya transfoma, akainama akatazama mafundo yote mawili kwa muda mrefu. Kisha akawaambia mafundi waende wakanywe chai.

Nilidhani atanipiga, au atalia. Akasema, "Nimeshawaambia watu ni Shoto."

Nikasema, "Ni mimi."

Nilisema, Baba Mdogo. Maneno mawili, na yalisikika.

Akasema, "Naona ni wewe. Mimi si kipofu kiasi hicho. Lakini mteja nimeshamwambia Shoto amerudi. Nikimwambia ni mtoto wa kike aliyetoka shule juzi, tena wa shoto, atabeba kitu chake aondoke." Akaenda stoo, akarudi na shuka kuukuu na misumari, akatundika pazia mbele ya meza yako.

Huo ndio uamuzi. Siendi kaunta. Nitafunga koili nyuma ya pazia, na kwa wateja mimi ni wewe. Umeupata uliouomba. Transfoma yangu iko rafuni mbele kama kombe la mpira, mota zangu zimelala ndani ya boksi hazina cha kula. Baba anapita anapiga mluzi. Sijui nikushukuru kwa maneno gani.

Konokono


Jumapili, 12 Mei

Konokono,

Hukuniamkia, na salamu yako sikuistahili.

Nitakueleza bila kujitetea. Niliposoma "ni kazi safi" kwa mwandiko wa kaka yangu, niliikunja barua nikaiweka mfukoni, nikaitoa tena, nikaikunja tena. Nilijua ni koili yako. Nikajiambia nasema uongo ili usiende kaunta, na hilo ni kweli. Lakini si kweli yote. Nilitaka pia, kwa mara moja, yale maneno yawe yangu. Mtu mzima mwenye mvi, anamnyang'anya mtoto pipi.

Lakini pazia sikulijua. Pazia ni la baba yako, na limenitoa usingizini. Mwoga yule. Aliniaibisha mbele za watu kwa sababu ya mkono wangu, sasa anakuficha wewe nyuma ya jina langu kwa sababu ya mkono huohuo. Jumamosi napanda gari. Nitasimama katikati ya barabara mbele ya karakana, mchana, wateja wote wanione niko nje, kisha nitawauliza kwa sauti: kama Shoto yuko hapa, nyuma ya pazia kuna nani?

Nijibu kabla ya Jumamosi. Ukikaa kimya nitahesabu umekubali.

Baba yako Mdogo


Jumatano, 15 Mei

Baba Mdogo, shikamoo.

Usije.

Nimefikiri sana, na nimempa karani barua hii ampe dereva wa basi leo hii, ikufikie kabla ya Jumamosi. Ukisimama barabarani mtagombana. Mtagombana vizuri sana, mtaa mzima utatoka nje, na watu watasimulia miaka kumi jinsi Shoto alivyomvaa kaka yake. Habari itakuwa yenu tena, na mimi nitakuwa yule aliyesababisha. Nimechoka kuwa sababu.

Usifikiri nimezoea. Huku nyuma nina hasira hadi meno yananiuma. Wateja wanaingia wanasema, "Fundi Shoto, siku nyingi." Mimi nakohoa. Baba anawajibu koo langu liliharibiwa na moshi wa jenereta. Juzi mzee mmoja alivuta kigoda hadi kwenye pazia, akanisimulia ugomvi wake na mkewe mwanzo hadi mwisho, akaniomba ushauri mwanaume kwa mwanaume. Nikakohoa mara mbili. Akasema, "Umenena." Jana amerudi kunishukuru, anasema mkewe amemsamehe.

Jioni, mafundi wakishaondoka, Baba huingia huku nyuma, anasimama, ananiuliza kwa sauti ndogo kama mwanafunzi: hii umezungusha mara ngapi? Simjibu. Namwachia ahesabu mwenyewe, pamoja na macho yake hayo. Anahesabu. Transfoma yangu niliishusha rafuni mbele yake nikairudisha kwenye mota zangu. Aliona, akafungua mdomo, akaufumba. Nilijua kabisa hilo koo linavyokuwa.

Iko siku nitaliondoa pazia hili, nitaliondoa mimi mwenyewe. Nikilitundua leo, kazi itaondoka pamoja nalo na nitaishia kwa Shangazi. Acha kwanza vitu nilivyovifunga viwe vingi mjini. Acha wavizoee.

Sasa nikuambie jambo ambalo Baba halijui. Kila kazi inayoletwa, kabla ya mzunguko wa kwanza, bobini ikiwa bado tupu, nachukua ncha ya msumari nakwaruza jina langu. Si Konokono. Jina langu lote, lile la kwenye cheti cha shule. Kisha nafunga waya juu yake, safu kwa safu, natia karatasi, nachovya kwenye vanishi, na Baba anaipeleka mbele na kusema hii hapa, kazi ya Shoto. Moja iko kwenye mashine ya kuchomelea, nyingine kwenye spika za ukumbi, nyingine kwa mtu anayechaji betri. Zote zimenibeba ndani.

Transfoma haidumu milele. Ipo siku moja kati ya hizo itaungua. Fundi fulani, pengine hajazaliwa bado, ataifumua anatafuta kosa, atatoa safu moja baada ya nyingine hadi chini kabisa, na atanikuta pale. Atajua nani alifunga. Sitaki aambiwe na mtu. Nataka anisome mwenyewe, waya ukiwa bado mkononi mwake.

Kwa hiyo usimwambie Baba. Usimwambie Bibi, hata akikuuliza habari zangu. Safari hii neno hili lishike kama langu, Baba Mdogo, na usilitoe kwa mtu yeyote.

Mwanao